Nyumba ya Mjerumani: Tunamwogopa Nani Hasa?

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka huu sitaki kuandika juu ya madhara ya dawa za kulevya wala faida za kupanda miti, ingawa hayo ni mambo mazuri na wenzangu wameyaandika vyema. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, analisimulia, na jua likizama analikimbia. Nataka kuandika juu ya ile nyumba.

Mnaijua. Sisi wanafunzi wa kutwa ndio tunaoijua zaidi, kwa sababu njia yetu ya mkato hupita ubavuni mwake, kando ya reli ya zamani iendayo Taveta. Kuta zake ni za mawe, nene kama mkono wangu ulivyo mrefu kutoka kiwiko hadi vidole. Paa halipo, milango haipo, na katikati ya sebule umeota mwarobaini ambao sasa ni mrefu kuliko kuta zenyewe. Watu wazima huiita nyumba ya vita. Sisi huiita Nyumba ya Mjerumani.

Maoni yangu nitayasema mapema, nisije nikaonekana nawazungusha: mzuka tunaomwogopa pale siye, na wale tuliostahili kuwakumbuka hatuna habari nao. Sasa nipeni nafasi nieleze.

Kwanza hadithi zenyewe. Nimezikusanya kutoka kwa wenzangu wa vidato vyote, na ninaweza kusema kwamba ziko tatu kubwa. Ya kwanza ni ya Mjerumani mrefu asiye na kichwa, ambaye usiku hutembea na kandili akitafuta kichwa chake kando ya reli. Ya pili ni ya filimbi ya treni. Ati usiku wa manane husikika treni ikitoka Taveta ilhali mimi tangu nizaliwe sijaona treni ya abiria ikielekea huko. Ya tatu ni ya mwanamke wa kizungu aliyevaa nguo nyeupe. Huyu si wa pale hasa, ni wa kule upande wa Salaita, ambako watu huonyeshwa mbuyu mkubwa na kuambiwa kwamba mwanamke Mjerumani, baada ya mumewe kuuawa, alijificha ndani yake na kuwapiga risasi askari wa Mwingereza mmoja baada ya mwingine hadi walipomgundua. Vijana wa hapa wamemtoa mbuyuni wakamleta mpaka kwenye nyumba yetu, sijui kwa nauli ya nani.

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliziamini zote. Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kujifanya siamini, lakini saa kumi na mbili unusu jioni nilikuwa nazunguka kwa njia ya barabara kuu, hata kama mvua yanyesha. Nadhani sikuwa peke yangu.

Muhula wa kwanza mwaka huu, Ijumaa moja baada ya michezo, tulikuwa vijana wanne. Mmoja wetu akasema hakuna mwanamume kati yetu anayeweza kuingia mle ndani akahesabu mpaka 100. Dau likawekwa: maandazi manne na chai. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema nitaingia, tena mpaka chumba cha nyuma, na nitaacha alama ili wasije wakanikana.

Nikaingia. Chumba cha nyuma ni kidogo na hakina dirisha. Lipu bado imeshika upande mmoja wa ukuta, na kwenye ile lipu kulikuwa na mistari. Mistari mifupimifupi, mingi, imekwaruzwa kwa kitu chenye ncha na kupangwa safu juu ya safu, kama mtu aliyekuwa akihesabu siku, au akihesabu mizigo. Mimi sikujiuliza chochote. Nikachukua msumari, nikapalia palepale juu ya ile mistari, nikaandika jina langu na kidato changu kwa herufi kubwa. Lipu ikawa inadondoka kama unga. Kabla sijamaliza mwaka, nikasikia kishindo nyuma yangu na kitu kikapumua. Bwana wee! Sikumbuki nilivyotoka. Wenzangu walinikuta mita 200 mbele, kiatu kimoja mkononi. Na nyuma yangu, polepole, akatoka mbuzi.

Maandazi niliyapata, kwa sababu jina langu lilikuwepo ukutani. Kwa wiki nzima nilikuwa shujaa wa shule. Kisa hiki nilikisimulia kila mahali, nikakisimulia hadi nyumbani, mbele ya nyanya yangu.

Nyanya ni mzaliwa wa Kasigau. Ni mtu wa kucheka, tena anapenda sana hadithi za mbuzi. Nilipofika kwenye habari za kiatu alicheka, lakini nilipotaja ile mistari alinyamaza. Akaniuliza, "Ilikuwa mingapi?" Nikasema sikuihesabu, nyanya, ilikuwa mingi. Akaniuliza tena, "Na wewe ukaandika jina lako juu yake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mchicha wake kwa kitambo, kisha akasema, "Baba, ulijuaje kwamba uliyemfuta si wa kwenu?"

Sikuwa na jibu. Na swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jumatatu nilimwendea mwalimu wetu wa historia nikamuuliza juu ya vita vya kwanza vya dunia hapa kwetu. Tuliyoyasoma darasani yalikuwa mengi juu ya Sarajevo na machache mno juu ya Mwatate. Alinipa vitabu viwili na muda wake mwingi, na ninamshukuru. Haya ndiyo niliyoyapata kwa ufupi.

Vita vilianza Agosti 1914. Tarehe 15 mwezi huohuo Wajerumani, ambao nchi yao ilikuwa Tanganyika, walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Walikaa hapo hadi Machi 1916. Waliweka ngome yao katika kilima cha Salaita, na vikosi vyao vidogo vilipita porini usiku kuja kutega baruti kwenye reli kubwa ya Mombasa. Waingereza nao walijikusanya hapa Voi. Mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kupitia Mwatate, Bura na Maktau kuelekea Taveta, ili wapeleke askari, mizinga na maji. Reli hiyo ambayo leo tunaanika nguo juu yake ni mtoto wa vita. Walileta askari kutoka Uingereza, Uhindi na Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari 1916 waliishambulia Salaita wakapigwa vibaya. Zaidi ya watu 130 wa Afrika Kusini walikufa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo moja. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikuja na jeshi kubwa zaidi, Wajerumani wakaiacha Salaita, na baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata vita vikahamia Tanganyika.

Sasa wenzangu, tazameni jambo moja hapo. Wajerumani walishika Taveta. Walifika Salaita, walifika Mbuyuni, walifika hata Kasigau. Lakini Voi hawakuishika hata siku moja. Voi ilikuwa kambi ya Mwingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Basi Nyumba ya Mjerumani, kama kweli ni ya wakati wa vita, haiwezi kuwa ya Mjerumani. Yule bwana asiye na kichwa anatafuta kichwa chake mahali ambapo hakuwahi kulala! Nilipowaambia wenzangu hivyo walinikasirikia, kana kwamba nimewaibia kitu.

Kosa kama hili si la hapa tu. Kule Taveta kuna jumba kubwa juu ya kilima cha Girigan, na nimewasikia wengi wakisema ni ngome ya Wajerumani ya wakati wa vita. La hasha. Jumba hilo lilijengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Huyo ndiye aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo iliyokwisha mwaka 1900, na ndiye aliyewachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Tunaona nyumba kubwa ya kale, tunatia mzungu wa vita ndani yake, tunafunga mlango. Hatuulizi zaidi.

Nilikwenda pia kwenye makaburi ya vita hapa Voi mjini. Ni aibu kwamba nimepita hapo miaka yote bila kuingia. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Nililiona la Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi mguuni. Wenzake walikuwa wakimbeba, lakini aliwaamuru wamwache na majeruhi wengine ili wao wajiokoe. Aliuawa hapo. Waingereza walimpa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote jeshini mwao. Mimi sina ubaya na Dartnell. Alifanya jambo la kiume na anastahili jiwe lake. Lakini niliposimama pale nilijiuliza: yule aliyembebea Dartnell sanduku lake la risasi kutoka hapa hadi Maktau yuko wapi? Aliyembebea maji? Aliyepika?

Jibu lake liko vitabuni, na si jibu zuri. Katika vita vile, farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, kwa hivyo mizigo ilibebwa na watu. Kila mmoja alijitwisha kama kilo 25, akatembea kwa miguu yake mitupu kutoka huku hadi Rufiji na hata mbali zaidi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwalazimisha vijana kwenda. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, na lile la Kariakor kule Nairobi, yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wapatao 100,000 au zaidi walikufa upande wa Mwingereza peke yake. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa kichomi na kwa njaa, wakazikwa porini bila jiwe. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayokata nyasi zile pale Voi, ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kule Nairobi, kando ya barabara ya Kenyatta, ziko sanamu za askari na mpagazi wa Kiafrika. Ni sanamu nzuri, lakini hazina hata jina moja la mtu.

Jioni hiyo nilirudi kwa nyanya nikamwambia niliyoyasoma. Akasema, "Hayo ya vitabuni ni kweli. Sasa sikiliza na yetu."

Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani kuishambulia kambi yao pale mlimani. Hakuna aliyepelekwa mahakamani mmoja mmoja. Waliadhibiwa wote, wazee, wanawake na watoto. Agosti mwaka huo walitolewa Kasigau na kupelekwa Malindi. Nyanya anasema, kama alivyoambiwa na baba yake, kwamba nyumba zilitiwa moto wakiona, na kwamba walitembea na mbuzi wachache ambao hawakufika nao. Watu wa mlimani hawakuizoea homa ya pwani, na chakula kilikuwa haba. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudishwa kwenye mlima wao miaka ya 1930, wakakuta mashamba yamekuwa pori. Baba yake nyanya alizaliwa ugenini. Alipouona mlima wa Kasigau kwa mara ya kwanza alikuwa tayari kijana mwenye ndevu zinazoanza.

Na ndugu wa babu yake nyanya alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Alipita Voi hapa. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari.

Nilimuuliza nyanya kama huyo naye ni mzuka. Alinikemea. Akanieleza kwamba zamani Wadawida hawakuwaogopa watu wao waliokufa. Mtu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa kwa heshima, likawekwa kwenye pango la mwamba pamoja na mafuvu ya wazee wa ukoo wake. Mapango hayo yako mpaka leo milimani. Waliotangulia walikuwa na mahali pao, na kila ukoo ulijua pango lake. "Aliyekufa nyumbani hana shida," akasema. "Mwenye shida ni yule ambaye hatujui tumtafute wapi."

Enyi wenzangu, mimi nimetafakari maneno hayo kwa muhula mzima. Sisi tunaogopa mzungu asiye na kichwa, ambaye historia inasema hakuwahi kukaa hapa. Tunamwogopa mwanamke wa mbuyuni, ambaye hata jina hatumjui. Lakini watu wetu waliolala njiani kwa maelfu, ambao pengine mmoja wao alikuwa akikwaruza mistari kwenye kile chumba kisicho na dirisha, hatuna hata hadithi moja juu yao. Mzimu wenyewe hatukuwapa! Hata kwa kutishana tumemchagua mzungu. Je, si ajabu hiyo? Mwacha mila ni mtumwa, lakini naona kuna utumwa mwingine wa kuota ndoto za watu wengine.

Najua kuna watakaonipinga, na ni haki yao.

Wa kwanza watasema kwamba kuzungumza juu ya mizuka ni ushirikina, na kwamba dini zetu zinakataza. Nakubali. Mimi pia ni mtu wa kanisani. Lakini sijasema tuwaabudu wafu wala tuwapelekee pombe. Nimesema tuwajue. Kuandika jina la mtu si ibada. Wale wanaokata nyasi makaburini pale mjini hawaabudu mtu.

Wa pili watasema hayo yalipita zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sisi tuna mtihani wa KCSE mbele yetu. Ni kweli, na mimi hesabu zangu si nzuri hivyo, naomba msinicheke. Lakini nyanya yangu ana habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu, na nyanya yangu hatakuwepo milele. Nanyi mnao wazee wenu kule Mgange, Sagalla, Mbololo, Werugha na Taveta. Mtihani utakuja kila mwaka. Mzee akiondoka hafanyiwi marudio.

Wa tatu, na hawa ni wengi, watasema nimewaharibia utamu. Ati hadithi ya mzuka ikichunguzwa haina ladha tena. Hapa nataka nieleweke: sitaki hadithi zife. Ile filimbi ya treni usiku, kwa mfano, mimi naipenda. Naomba tu kwamba kila hadithi tuiulize maswali matatu. Nani alikusimulia? Naye alisikia kwa nani? Na je, jambo hilo liliwezekana mahali hapo na wakati huo? Hadithi itakayopita maswali hayo ni mali. Isiyopita tuiache iwe ya kuchekesha, lakini tusiiite historia.

Sasa natoa mapendekezo yangu kwa Chama cha Kiswahili, kwa unyenyekevu mkubwa.

La kwanza, tuache kuandika majina yetu kwenye ile nyumba, na tuache kung'oa mawe yake. Nasema hili nikiwa mkosaji wa kwanza. Nimerudi pale mara mbili, mchana, nikiwa na kitambaa, nikijaribu kuona kama chini ya herufi zangu ile mistari inaonekana. Upande wa kushoto imebaki safu nne na nusu. Nimezihesabu: ni mistari 61. Mingine yote niliila mimi kwa maandazi manne. Kila siku ninapopita nalisoma jina langu pale ukutani, nami nalichukia. Hakuna mzuka aliyewahi kunitia haya kiasi hicho.

La pili, Chama kinunue daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, na tuliite Daftari la Majina. Likizo ijayo kila mwanachama aulize nyumbani kwao: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa vitani akakosa kurudi? Katika vita vya kwanza, au hata vile vya pili vya 1939 hadi 1945, ambavyo babu zetu wengine walipelekwa mpaka Burma. Tuandike jina, mahali alikotoka, na jina la mzee aliyetusimulia. Tukipata hata majina kumi tutakuwa na kumi zaidi ya yale yaliyo kwenye sanamu za Nairobi.

La tatu, mwezi wa Novemba, ambapo nchi nyingi huwakumbuka askari waliokufa, tuombe ruhusa kwa wanaohusika twende pale makaburini Voi, tusimame kwa adabu mbele ya mawe ya Dartnell na wenzake, na tusome majina yetu kwa sauti. Hatutaki kumnyang'anya mtu kaburi lake. Tunataka tu kwamba mbele ya mawe yale yenye majina yasikike pia majina yasiyo na mawe.

Mtaniuliza, je, wewe umeanza? Nimeanza. Jina la yule ndugu wa babu yake nyanya nimeliandika katika daftari langu la historia, ukurasa wa mwisho. Nilitaka kulitaja hapa, lakini nyanya amenikataza mpaka wazee wa ukoo wakubali, kwa maana yeye anasema jina la mtu halitolewi nje kama karanga. Nimemtii. Wakikubali litakuwa la kwanza katika Daftari la Majina.

Na kama kuna msomaji anayeniuliza ikiwa bado naogopa kupita pale jioni, nitasema ukweli: napita, lakini napita haraka. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nikikimbia huku nikipiga kelele. Siku hizi nikifika pembeni mwa ule ukuta, nasema polepole, "Hodi, mzee." Kisha naenda zangu.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.